MREJESHO: Siku 60 na bangili ya mazoezi ya bei chee (na ndizi iliyonishinda afya)

#1 MtuWaTabata

Wakuu, habari za jioni.

Mwanzoni mwa mwaka nilikwenda kupima presha baada ya kichwa kunigonga kila ikifika saa tisa alasiri. Nesi akasoma 148 kwa 94, akaangalia kitambi, akaniuliza kwa siku natembea kiasi gani. Nikajibu, "Natembea sana tu." Nina miaka 43 na kilo 96, kazi yangu ni mahesabu ofisini Posta, natoka Tabata kwa daladala na narudi kwa daladala. Ile "sana tu" ilinisuta njia nzima. Nikasema ngoja nitafute kitu kinihesabie, maana mimi mwenyewe nimeshaonekana siaminiki.

Bangili ya kwanza nilinunua 25,000 kwa jamaa anayepanga bidhaa chini, Kariakoo. Maneno yake: "Bosi, hii inapima mapigo, presha, sukari, oksijeni, joto, hospitali huendi tena." Nikaivaa wiki mbili. Asubuhi presha 118/76. Nikipanda ngazi ghorofa sita lifti ikiwa imekufa, nahema kama mbwa wa jua kali, 118/76. Nikigombana na fundi bomba, 118/76. Binti yangu wa kidato cha pili akaichukua, akaifunga kwenye ndizi mbivu iliyokuwa mezani. Tukasubiri. Mapigo 72, sukari 5.4, presha 118/76.

Ndizi yenyewe ilikuwa na madoa meusi, kesho yake mama watoto akaiponda kwenye unga wa vitumbua.

Ya pili nikaingia duka lenye risiti na waranti ya mwaka mmoja, 85,000. Chapa sitaitaja, sitaki mtu aje kusema nimelipwa. Kioo cha rangi, haina GPS yake (ile ya setilaiti inayojua mahali ulipo), inaingia majini, kwenye boksi wameandika betri siku 14. Haijidai kupima presha wala sukari, na mpaka sasa hilo ndilo lililonifanya niiamini.

Kwa vile kazi yangu ni kusawazisha vitabu, sikukubali hesabu ya mtu bila kukagua. Nikatia punje kumi za mahindi mfuko wa kulia. Kila nikimaliza hatua mia, punje moja inahamia kushoto. Punje zikiisha, hatua 1,000. Matokeo:

Barabara ya lami, mikono inacheza kawaida: bangili 1,012. Nikarudia: 994.
Mkono wenye bangili mfukoni: 951.
Mkono huohuo umebeba mfuko wa sokoni: 887.
Kusukuma toroli lenye madumu ya maji, hapa nilihesabu hatua 500 tu kwa sababu ya jua: bangili ikanipa 38. Thelathini na nane!
Bodaboda kutoka barabarani mpaka nyumbani, nimekaa kama mfalme: hatua 312 za bure.

Mke wangu akaivaa akakuna nazi mbili kwenye mbuzi. Hatua 409. Amekaa chini muda wote.

Nitaendelea na habari za mapigo, usingizi na umbali. Maswali ruksa.

#2 kiatu_kimoja

Ngoja nivute kigoda. Hiyo ya toroli imeniuma, ina maana wasukuma mikokoteni wote wa Kariakoo kwa bangili hii ni wavivu?

#3 fundi_chaja

Mkuu MtuWaTabata, uzi mzuri, ila hapo kwenye ndizi nakupunguzia maksi kidogo. Hata hiyo yako ya 85,000 ukiifunga kwenye ndizi inaweza kutoa mapigo. Nifafanue.

Zile taa za kijani chini ya bangili zinamulika ngozi. Damu inanyonya mwanga wa kijani vizuri. Moyo ukisukuma, damu inajaa kwenye mishipa midogo, mwanga unaorudi unapungua, moyo ukipumzika mwanga unaongezeka. Kijicho kilicho katikati ya taa kinahesabu kupanda na kushuka huko. Sasa kijicho hakijui kama mbele yake kuna mkono, ndizi au karatasi ya chooni. Kikipata kitu kinachorudisha mwanga, na mwanga huo ukayumba kidogo kwa sababu meza inatikisika au taa ya chumbani inapepesa, programu inatafuta mdundo mpaka iupate. Ndiyo maana kipimo cha ndizi hakitenganishi kopi na halisi upande wa mapigo.

Kopi unaikamata kwenye presha. Kwenye hivi vya elfu ishirini hakuna kifaa chochote cha kupima presha humo ndani. Ni namba zinazotupwa karibu na 120/80 ili mnunuzi alale salama.

Na hiyo ya toroli: kinachohesabu hatua ni sensa ya mtikisiko, haioni miguu. Inasubiri mkono ucheze kwa mdundo, mara nyingi ione mitikisiko kadhaa mfululizo ndipo ianze kuandika. Mikono ikishika mpini haichezi. Mikono ikikuna nazi inacheza vizuri kuliko hata ya mtembeaji. Bangili haijakosea, imehesabu mikono ya shemeji.

#4 MtuWaTabata

fundi_chaja, nimetoka jikoni sasa hivi. Bangili ya 85,000, ndizi mpya, kama dakika moja ya kuzungushazungusha: mapigo 61.

Mimi nikiwa nimekaa: 78.

Nakubali yaishe.

#5 BintiPangani

Hahahaaa kaka, ndizi iko fiti kuliko wewe.

Mimi yangu nilinunuliwa na mume kabla ya Ramadhani, nikaona nitapata picha nzuri ya usingizi. Wallahi ilinichanganya. Baada ya tarawehe na vyombo nalala saa tano, naamka saa tisa unusu kupika daku, baada ya swala ya alfajiri najilaza tena mpaka saa mbili. Bangili inachukua kipande kirefu peke yake, asubuhi inaniambia, "Umelala kwa muda wa saa nne na nusu, jitahidi." Kile kipande cha pili inakiita kapumziko, siku nyingine haikioni kabisa. Nikawa naamka nimeshiba usingizi, nikisoma pale najihisi mchovu. Kwa siku kama tano nilishinda na uchovu wa kusomewa.

Na rakaa ishirini zote hazifiki hata hatua mia. Hapo sikununa, hazikuwa zake kuhesabu.

#6 Babu Machupa

Naomba kuuliza kijinga. Hizi hatua elfu kumi kila mtu anazoimba zimetoka wapi? Mimi nina miaka 67, magoti yameshaanza kudai kodi. Mjukuu kanivalisha bangili, kila jioni inanitetemekea kunikumbusha kwamba nimefeli.

#7 kiatu_kimoja

Babu, elfu kumi ni kipimo cha kitaalamu cha Shirika la Afya Duniani. Chini ya hapo hujafanya kitu.

#8 fundi_chaja

kiatu_kimoja, hiyo ni chai. WHO hawahesabu hatua. Mwongozo wao wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kwa mfano kutembea haraka mpaka unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Elfu kumi ni ya Kijapani na ni ya biashara. Tokyo waliandaa Olimpiki 1964, watu wakapata hamu ya mazoezi, na 1965 kampuni ya Yamasa ikauza kipima hatua cha kuvaa kiunoni kwa jina manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba tamu, inakaa mdomoni, ikabaki.

Utafiti ulikuja baadaye. Mwaka 2019 timu ya I-Min Lee wa Harvard ilichapisha matokeo ya wanawake 16,741 waliovalishwa vipimo, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida ikaendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikalala. Babu, ingia kwenye programu, badilisha lengo weka 5,000, uone kama bangili haitakuimbia kila jioni.

#9 Babu Machupa

Mjukuu ameshabadilisha. Jana nimefika 5,140 imenitolea maua kwenye kioo. Ubarikiwe sana kijana.

#10 Nesi wa Zamu

Niliona uzi tangu juzi nikasita, lakini hapo kwenye presha na sukari lazima niseme.

Mgonjwa mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, alikuja kwetu usiku amelegea upande mmoja. Alikuwa na dawa za presha, akaziacha miezi miwili. Binti yake akanionyesha bangili, 118 kwa 76 kila siku, mama akasema amepona. Tulipomfunga kitambaa cha mkononi tukakuta 204 kwa 118. Ile namba mliyoicheka kwenye ndizi mimi nimeiona kitandani, kwa hiyo msishangae nisipocheka.

Sukari ndiyo mbaya zaidi, maana mtu anaweza kujidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, tarehe 21 Februari 2024 ilitoa onyo kwa umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Yoyote, ya bei yoyote. Kile kidubwasha cha kubandika mkononi ambacho baadhi ya wagonjwa wa kisukari wanatumia ni kitu kingine, kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi.

Oksijeni nayo someni kwa tahadhari. Hata vile vibanio vya kidole vya hospitali, utafiti uliotoka 2020 huko Marekani ulionyesha vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Kama kibanio cha wodini kinadanganywa na ngozi yetu, ya mkononi usiipe roho yako. Ukikosa pumzi njoo hospitali, usikae kusubiri bangili ikubali.

Mtu wa Tabata, na wewe ile 148/94 umerudi kupima?

#11 MtuWaTabata

Dada Nesi, pole kwa hiyo zamu. Nimeacha kucheka.

Nimerudi mara mbili, nitaleta namba mwishoni. Ya Kariakoo nimeivunja kwa nyundo, sikutaka mtu aiokote.

#12 mzukaTz

Wewe Nesi unaogopa kukosa wateja tu. Teknolojia imekua. Mimi yangu inapima presha na iko sawasawa.

#13 Nesi wa Zamu

Ifunge kwenye ndizi, kaka.

#14 Kipipa wa Iten

Sasa wadau, salamu kutoka Kenya. Mimi si bingwa, mimi ni mwalimu tu, jioni nakimbia na kikundi cha watu wa kawaida. Hapa tuko mita 2,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo ukiona bangili inasema oksijeni 93 usikimbie kuandika wosia, ni hewa ya mlima.

Nilinunua yangu shilingi 4,500 za Kenya. Shida niliyopata ni hii. Nikikimbia mteremko polepole, pumzi iko sawa, naongea na mwenzangu, bangili inasoma mapigo 168. Nikasimama nikashika shingo nikahesabu kwa sekunde 15: 32, ndiyo 128. Nilifikiri moyo wangu una kasoro. Baadaye nikagundua miguu yangu ilikuwa inapiga hatua 168 kwa dakika. Bangili ilikuwa inanihesabia viatu ikidhani ni moyo!

#15 fundi_chaja

Umeikamata vizuri mwalimu. Mkono ukipiga mdundo mkali kuliko wa damu, programu inashika ule wa miguu. Kaza mkanda kidogo, uvae vidole viwili juu ya kile kifupa cha mkono, mwanga wa nje usipenye. Itapungua, haitaisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walijaribu saa na bangili kadhaa mwaka 2020 kwa watu wa rangi zote za ngozi. Upande wa mapigo hawakuona tofauti ya maana kwa weusi na weupe, kilichoharibu kipimo ni mtikisiko: makosa wakati wa shughuli yalizidi ya wakati wa kukaa kwa asilimia 30 kwa wastani.

Anayetaka namba ya kweli akiwa anakimbia anunue mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo. Polar ya Finland wamekuwa wakiuza tangu 1982, si kitu kipya.

#16 MtuWaTabata

Narudi kwenye mrejesho kama nilivyoahidi.

UMBALI. Bangili isiyo na GPS inachukua hatua inazidisha kwa urefu wa hatua, na urefu wa hatua inaukisia kwa kimo chako. Unaweza kubeba simu iikopeshe GPS, lakini mimi alfajiri sitembei na simu, nyinyi mnajua kwa nini. Jumamosi nikaenda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022. Daraja lenyewe lina urefu wa kilometa 1.03. Nikaanzia mwanzo wa daraja upande wa mjini, nikaiacha bahari ikinipulizia jasho, nikafika ng'ambo: bangili inasema 0.96. Nikarudi: 0.96. Nikaanza kutunga lawama kwa ajili ya uzi huu.

Jioni namwonyesha binti, akaingia kwenye programu, akacheka. Siku ya kwanza alipokuwa ananifungulia akaunti aliacha kimo kilichokuwa kimewekwa tayari, sentimeta 170. Mimi nina 182. Mzee mzima nimetembea wiki tatu kwa miguu ya mtu mwingine. Tukarekebisha, Jumamosi iliyofuata 1.03 kwenda na 1.02 kurudi. Lawama nikazimeza na maji ya dafu.

KALORI. Wiki ya kwanza iliniambia nimeunguza kalori 540 kwenye matembezi. Nikaona hiyo ni hati ya ruhusa, nikapitia chipsi mayai. Siku nne mfululizo. Mizani ikapanda nusu kilo. Nikaenda kusoma, nikakuta Stanford walishajaribu vifaa saba mwaka 2017. Sita vilisoma mapigo vizuri, makosa chini ya asilimia tano, lakini kwenye kalori hakuna hata kimoja kilichofaa: kilichokosea kidogo kilikosea kwa asilimia 27, kilichokosea sana asilimia 93. Nimeificha sehemu ya kalori isionekane kabisa kwenye kioo. Chipsi zimebaki za mshahara.

BETRI. Siku 14 za boksi ni za mtu asiyepigiwa simu. Nikiruhusu meseji ziingie, mapigo yapimwe kila dakika na kioo kiwake nikiinua mkono, siku nane. Nilipozima meseji za magrupu ikaenda mpaka siku kumi na moja, na moyo nao ukatulia, sijui kipi kilitangulia.

NGOZI. Wiki ya tatu nilipata vipele chini ya mkanda. Kosa langu, naoga nayo, nalala nayo, jasho na povu la sabuni vinakaa humo. Sasa nikioga naivua, mkanda naufuta kwa maji matupu, mkono unakauka kwanza. Vimeisha.

MAPIGO YA KUPUMZIKA. Hapa ndipo ilipolipa hela yake. Ile namba ya usiku umelala, mkono umetulia, hakuna toroli wala bodaboda. Wiki ya kwanza wastani ulikuwa 78. Kuna Jumapili moja asubuhi nikakuta imeruka 89. Sikuwa najisikia kitu. Jumatatu mchana homa ikanipanda, nikapima, malaria. Sisemi bangili imegundua malaria, hata bia tatu za Ijumaa huipandisha namba hiyo, nina ushahidi. Lakini mtu anayenijua kwa wiki tano alishaona usiku ule kwamba sipo sawa.

#17 kiatu_kimoja

Mkuu, hebu rudi kwenye "bia tatu za Ijumaa". Shemeji anaona hizo namba?

#18 MtuWaTabata

Programu iko kwenye simu yangu na ina namba ya siri. Baada ya swali lako nimeibadilisha.

#19 BintiPangani

Mnacheka lakini ni kweli. Shoga yangu mmoja alikuwa amejiunga na mumewe wanaonana hatua ili washindane. Siku bwana yuko "kikao cha usiku kazini", hatua zinapanda elfu moja baada ya nyingine mpaka saa saba. Alipoulizwa akasema walikuwa wanahesabu stoo. Sijui, labda walihesabu kwa kucheza.

#20 fundi_chaja

Na si ndoa peke yake. Strava, ile programu ya kurekodi mbio na matembezi, walipotoa ramani ya njia za wanaokimbia duniani, mwishoni mwa 2017, miezi michache baadaye watu wakagundua kambi za kijeshi za Marekani zinang'aa katikati ya jangwa, kwa sababu askari walikuwa wanakimbia kuzunguka ua na vipimo mkononi. Ukifungua akaunti, pita kwenye ruhusa. Bangili haina haja ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako wala kuwasha kinasa sauti. Mahali pa kushirikishana na umma, pazime.

#21 Mama Kilindi

Samahani naingia nimechelewa. Yangu kila siku asubuhi nakuta data za jana hazijaingia kwenye simu, mpaka nifungue programu yenyewe nisubiri. Ni mbovu?

#22 fundi_chaja

Si mbovu, mama. Simu nyingi zinaua programu iliyo nyuma ili kubana betri. Nenda mpangilio, sehemu ya betri, tafuta programu ya bangili, iruhusu ifanye kazi bila kubanwa. Na Bluetooth isizimwe usiku. Kumbukumbu za siku kadhaa zinakaa ndani ya bangili, ukichelewa hazipotei mara moja.

#23 Mama Kilindi

Imekubali. Asante mwanangu. Na shambani naitumiaje? Nikilima haihesabu vizuri, nikipepeta mchele inahesabu kama nakimbizwa.

#24 fundi_chaja

Siku ya shamba chagua "mazoezi huru" kwenye bangili uangalie dakika na mapigo tu, hatua zisahau. Jembe linajulikana ni mazoezi, halihitaji cheti.

#25 mzukaTz

Nimefunga kwenye ndizi.

#26 kiatu_kimoja

Ehe?

#27 mzukaTz

121 kwa 79. Nesi, kliniki ya presha kwenu ni siku gani?

#28 Nesi wa Zamu

Kituo chochote cha afya karibu na wewe, siku yoyote asubuhi. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Ukifika kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee na simu. Wakikupima mara moja tu, omba warudie.

#29 MtuWaTabata

Namba nilizoahidi.

Hatua: wiki ya kwanza wastani 3,900 kwa siku, na humo ndani kuna bodaboda. Sasa 7,200. Sikuingia jimu. Nashuka vituo viwili kabla ya Posta asubuhi, jioni natembea mpaka Mnazi Mmoja kabla ya kupanda gari, na Jumamosi daraja. Bodaboda ya nyumbani nimeiacha, yule kijana alinuna wiki nzima, sasa tunasalimiana.

Mapigo ya kupumzika: kutoka 78 hadi 71.

Uzito: 96 hadi 92.5, na nusu ya hiyo naamini ni chipsi.

Presha, imepimwa na binadamu kwa kitambaa cha mkononi, nimekaa: 142/90 mara ya kwanza niliporudi, 136/88 wiki iliyopita. Daktari amesema tuendelee hivi, chumvi ipungue, nirudi baada ya mwezi. Bado hajanipa dawa na bado hajanisifia.

Usingizi: inasema nalala kwa muda wa saa sita kasorobo. Zile awamu za usingizi mzito na mwepesi siziangalii. Kuna usiku nilikaa naangalia mpira nimetulia kwenye kochi, ikaandika nimelala tangu dakika ya sitini, na kwa mchezo ulivyokuwa siwezi kuilaumu.

#30 Babu Machupa

Hongera kijana. Mimi ya leo 5,610. Magoti yananung'unika lakini yanakuja. Swali moja tu, huu mkanda wa mpira ukikatika unapatikana wapi? Mjukuu anasema nitupe yote ninunue nyingine.

#31 fundi_chaja

Usitupe, babu. Mikanda inauzwa peke yake, elfu tatu mpaka tano, ila angalia toleo la bangili yako kwanza kwa sababu vishikizo vinatofautiana kila toleo. Nenda nayo mkononi, wakujaribishie palepale.

#32 BintiPangani

Kaka MtuWaTabata, mimi nasubiri jambo moja. Ndizi iko 61. Wewe 71.

#33 MtuWaTabata

Dada, ile ilishaliwa. Nimebaki peke yangu kwenye mashindano.